Makofi Makavu Kwenye Mvua

Nilisikia makofi kabla sijaona mtu.

Mvua ilikuwa inaitandika migomba, maji yananiingia puani na masikioni, nami nakimbia peke yangu kwenye njia ambayo watu walikuwa wameshaacha kuipita. Pa. Pa. Pa. Taratibu, kama ya mtu asiye na haraka na chochote duniani. Na yalikuwa makavu. Jaribu mwenyewe leo: lowanisha viganja vyako, upige makofi, usikie yanavyolia kama samaki anayetupwa juu ya ubao. Haya hayakulia hivyo. Yalilia kama makofi ya kiangazi, wakati viganja vimejaa vumbi la shamba.

Najua utasema mzee alikuwa amechoka. Ni kweli, nilikuwa nimechoka. Lakini mke wangu hakukimbia popote siku ile, na yeye alimwona mwenye makofi hayo. Alimpakulia hata chakula.

Nilikuwa tarishi wa ofisi ya wilaya pale Kasulu. Tangu ujana nilipeleka barua kwa baiskeli hadi Kibondo na kurudi, mfuko umening'inia begani, mpaka bega langu la kushoto likashuka na kubaki hivyo hivyo. Watu walinijua kwa bega hilo toka mbali. Kisha ikaingia miaka ya sabini, magari ya serikali yakaongezeka, nami nikavuka hamsini. Vijana wa ofisini wakaanza kuniita babu.

Mwaka ule tuliletewa bwana michezo mpya, kijana wa Tanga, mtu ambaye mawazo yake yalikuwa hayalali. Akatangaza mashindano ya mambo matatu kwa siku moja: baiskeli kutoka Kibondo hadi mto Malagarasi, kuvuka mto kwa kuogelea, kisha miguu hadi uwanja wa Kasulu. Akayaweka Desemba, katikati ya mvua. Kwao Tanga, nadhani, mvua ni kitu cha kupita tu.

Karani mkuu akanigeukia mbele ya wenzangu. "Mzee, kila siku unatuambia miguu yako ni ya chuma. Haya, shiriki. Ukiingia Kasulu kabla ya giza, baiskeli ya ofisi inabaki kwako. Giza likikutangulia, unamkabidhi kijana, unakwenda kupumzika."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Baiskeli ile ndiyo iliyonifanya niwe mtu. Bila hiyo ningekuwa mzee mmoja zaidi anayeota jua ukutani.

Mke wangu aliposikia, aliweka mwiko chini. "Baba Stefano, watu wa umri wako wanatafuta fimbo, wewe unatafuta mto?"

"Fimbo itanisubiri."

"Na mimi je? Nikusubiri na fimbo?"

Basi tulianza Kibondo alfajiri, chini ya mawingu meusi kama masizi ya chungu. Kwenye baiskeli sikuwa na wasiwasi. Kila jiwe la barabara ile nalifahamu kama meno yangu. Mtoni ndipo mambo yalipobadilika. Malagarasi ilikuwa imevimba, nyekundu, inabeba magogo. Walikuwa wamefunga kamba toka ukingo hadi ukingo. Wapo vijana waliotazama maji yale wakaketi chini, wakasema michezo si kufa. Nikashika kamba nikaingia. Sitakueleza yote niliyoyafikiria mle ndani. Nilipotoka ng'ambo ya pili vidole vyangu vilikuwa havitaki kufunguka, na vijana walionitangulia walikuwa wameshapotea kwenye mvua.

Nikaanza kukimbia. Saa zikapita, mvua haikupungua. Tope lilizikamata katambuga zangu mpaka nikazivua, nikazifunga kiunoni. Anga ikazidi kuwa nzito, na mimi moyo wangu wote ulikuwa kwenye mwanga: umebaki kiasi gani? Nitawahi?

Hapo nikaikumbuka njia ya zamani. Bwana michezo alisema wazi kwamba kwenye miguu kila mtu achague njia yake, mradi afike. Barabara kubwa inazunguka kilima. Njia yetu ya matarishi ilikata katikati, kupitia kijiji ambacho sasa hakina watu. Walihamishwa siku za operesheni ya vijiji, wakapelekwa kando ya barabara kwenye nyumba zilizopangwa mistari. Yakabaki mahame: migomba iliyogeuka pori, mibuni isiyochumwa, mafiga yamekaa matatu matatu hayana chungu.

Humo ndimo nilimosikia makofi.

Alikuwa amesimama panapoonekana kuwa palikuwa mlango wa boma la mtu, ameinama kidogo. Mzee kama mimi, amejifunga shuka. Sasa, lazima ujue sisi Waha hatusalimiani kwa kupungiana mkono. Unainama, unapiga makofi polepole, unauliza habari ya nyumba, ya mke, ya watoto, ya mifugo, ya shamba, na mwenzako anakujibu, kisha naye anakuuliza wewe vilevile mpaka mwisho. Kumkatiza mtu katikati ni kumtukana. Lakini mtu aliye mashindanoni afanye nini? Asimame?

Nikafanya ujanja. "Amahoro, mzee!" nikasema. "Nisamehe, naliwahi giza. Tusalimiane huku tunakwenda."

"Twende," akasema.

Akakimbia pembeni yangu. Niamini, hakuhema. Nilipotazama chini niliona miguu yake ina vumbi. Vumbi! Mimi nazama hadi vifundoni, yeye ana vumbi jeupe la kiangazi mpaka magotini. Ungenishauri nini? Nikimbie? Nilikuwa tayari nakimbia.

"Kwako hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mama watoto?"

"Mzima. Goti tu linamsumbua kukiwa na baridi."

"Watoto?"

"Stefano yuko jeshini. Yusta ameolewa Muyama."

"Nyumba yako iko upande gani siku hizi?"

Nikamwambia. Nyuma ya soko, penye mparachichi uliopigwa radi. Akauliza kama haivuji, nikamwambia haivuji, ila mlango unavimba kwenye mvua, hauendi mpaka uuinue kidogo. Kila alichouliza nilijibu. Adabu ilikuwa inanivuta ulimi, na pumzi zilikuwa chache mno kwa kufikiri. Jibu fupi, hatua mbili, jibu jingine. Mimi sikumuuliza chochote.

Mwishowe akapiga kofi moja. "Asante. Nitatangulia."

Akatangulia. Nilipomtazama kwa nyuma akiyoyoma kwenye mvua, nikaona bega lake la kushoto limeshuka.

Sikumbuki vizuri njia iliyobaki. Nilikimbia kama mtu aliyeacha moto jikoni. Nilipoingia uwanjani giza lilikuwa limeshatua, taa ya karabai inawaka chini ya turubai, na vijana wanakunywa chai. Mmoja wao akaruka juu.

"Babu! Unafika mara ngapi wewe?"

Bwana michezo akanishika mkono, anatabasamu. "Mzee, si nilikwambia ukapumzike? Ulifika wa nne, kabla giza halijaingia kabisa! Chai umekataa, ukasema unawahi nyumbani."

"Nani aliwahi nyumbani?"

Wakaangua kicheko. Karani mkuu akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake, "Baiskeli ni yako, mzee, usianze kujifanya umerukwa na akili!"

Nilikuwa nimepata nilichokifuata toka Kibondo, na nilikiacha pale pale kwenye taa. Nikashuka bonde, nikapita nyuma ya maduka yaliyofungwa, nikaona mparachichi wangu. Mlango wangu ulikuwa umefungwa vizuri, umekaa sawasawa kwenye fremu. Katika mvua ile, mgeni asingeweza kuufunga hivyo. Ndani mke wangu alikuwa anacheka.

Nikauinua, nikasukuma.

Nilijiona nimeketi kwenye kigoda changu karibu na moto, tonge la ugali mkononi. Uso wangu, shati langu la mashindano, bega langu. Miguuni vumbi.

Mama Stefano alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama tena. Kicheko kilimkauka mdomoni.

"Msinichezee," akasema polepole. "Mimi niliolewa na mume mmoja."

"Karibu, mgeni," yule akaniambia, kwa sauti yangu.

Mgeni! Nilitaka kumrukia, lakini miguu haikuwa na kitu tena. Nilishika mwimo wa mlango, maji yananitiririka, na hapo hapo jambo likanijia. Salamu yetu haikuwa imeisha. Yeye aliniuliza yote. Mimi sikumrudishia hata neno.

Nikainama palepale mlangoni, mlango wa nyumba yangu, nikapiga makofi. Yalilia maji. Akaliweka tonge chini. Hakuwa na budi. Naye alilelewa kama sisi.

"Amahoro," nikasema.

"Amahoro."

"Kwako hawajambo?"

Akautazama moto.

"Mama watoto hajambo?"

"Walimhamisha." Sauti haikuwa yangu tena. "Lori lilikuja asubuhi. Wakapakia vyungu, wakapakia mbuzi."

"Na watoto?"

"Walipanda nyuma. Mdogo alikuwa analilia paka."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nimeshazikwa, nyuma ya migomba. Hakuna aliyekuja kuniaga."

Mke wangu alikaa chini taratibu, goti lile baya akiwa amelikunja bila kulisikia. Nikauliza swali la mwisho, maana salamu lazima ifike mwisho.

"Nani anapita kukusalimu?"

"Wewe," akasema. "Leo."

Uso wangu na shati langu vikamtoka kama ukungu unavyotoka bondeni. Akabaki mzee nisiyemjua, macho yamechoka. Akasimama, akamwinamia mke wangu kumshukuru kwa chakula, akanipita mlangoni. Na Mama Stefano, kwa mazoea tu, akamwambia mgongoni, "Haya, salimia nyumbani." Kisha akajiziba mdomo.

Baiskeli nilibaki nayo miaka mingine kadhaa. Nilimwambia bwana michezo kwamba wa nne hakuwa mimi. Akasema wazee wa Kasulu wana unyenyekevu wa ajabu. Kila nilipopeleka barua Kibondo nilipita mahame yale, nikashuka, nikasalimia mpaka mwisho. Hakuna aliyejibu. Nami sikuwahi kupita pale kwa amani.

Kwa hiyo nakwambia wewe unayesafiri huku kwetu: mvua inanyesha, umesikia makofi, na makofi ni makavu. Usikimbie, hutamshinda. Wala usijibu tu ukaendelea na haraka zako. Simama. Muulize naye habari za kwake, uziulize zote, hata kama jua linakuzamia. Na mlango wako usimweleze mtu usiyemjua.

Hilo lilikuwa la kukuonya. Lililobaki ni la kwangu, na ndilo linaloninyima usingizi. Tangu jioni ile bega langu la kushoto limenyooka. Mfuko nilibeba tena, halikushuka. Mke wangu aliliona kesho yake asubuhi, na mpaka leo nikirudi nyumbani siku ya mvua hanifungulii. Anasimama nyuma ya mlango, ananiambia, "Piga makofi." Napiga. Anasikiliza kwanza kama yanalia maji.

Simlaumu. Sote wawili tulimtazama yule mzee akitoka. Uso ulikuwa wake, shuka lilikuwa lake, lakini bega la kushoto lilikuwa limeshuka, kama la mtu aliyebeba barua maisha yake yote. Alipofika nje alishika kitasa, akauinua mlango kidogo jinsi ninavyouinua mimi, na ukafungwa nyuma yake bila kukwama.