Siku Mama Alipovua Shanga

Ilikuwa saa kumi kasorobo alasiri, na hewa ilinuka majani ya mkoma yaliyolowekwa. Saa naijua kwa sababu kiongozi wa watalii aliitaja kwa sauti alipokuwa akishuka garini: "Kumi kasorobo. Tuko na nusu saa, halafu twende ziwani." Mama alikuwa ameketi kando ya barabara pale Lodwar pamoja na wanawake wengine, akisuka vikapu vya kuuza, nami nikimpasulia majani. Kiangazi kile Baba alikuwa ameondoka na mbuzi kuelekea Lokiriama, mpakani, kutafuta malisho. Hatukuwa tumepata salamu zake tangu aondoke, na kila lori lililotoka upande ule Mama alilipungia mkono lisimame ili aulize habari.

Shanga zilimjaa Mama shingoni, safu juu ya safu, kutoka mabegani hadi chini ya kidevu. Zilikuwa zimelainika kwa mafuta na jasho, na zilikuwa na harufu yake. Alilala nazo. Kwetu mke hakuzivua ila kwa msiba wa mumewe. Jambo hilo kila mtu pale barabarani alilijua, isipokuwa wale walioshuka garini.

"Ejok, mama!" kiongozi alisalimu kwa lugha yetu. "Huyu mgeni hataki kikapu. Anataka hiyo ya shingo."

"Hii si ya duka."

"Anasema ni nzuri sana. Ataiweka kwa ukuta, nyumbani kwake."

"Ukuta wake uko na shingo?"

Wanawake waliangua kicheko. Nadhani kiongozi alitafsiri maneno mengine, kwa maana yule mgeni alitabasamu akafungua mkoba. Mama aliziona noti, kisha akanitazama mimi. Tangu jana yake hatukuwa na unga, na wiki nzima hakuna aliyenunua kikapu. Akaacha kucheka. Alizivua polepole, safu baada ya safu, na ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa laini na nyororo kama ya mtoto mchanga. Mgeni alizivaa papo hapo, akapigwa picha katikati yetu. Gari likaondoka. Wanawake wakaendelea kusuka.

Tulirudi nyumbani na unga, Mama akiwa ameshika shingo kwa mkono mmoja kama mtu anayeumwa koo. Nyanya, mama yake Baba, alikuwa mlangoni. Alipoiona ile shingo alipiga yowe, "Mwanangu!", na majirani wakaja mbio.

"Hajafa," Mama alisema. "Nimeuza."

"Mama Akai, nani anauza hiyo?" jirani alimjibu. "Tuambie tu ni lori gani limeleta habari."

Kadiri alivyokana ndivyo walivyomwonea huruma. Asubuhi Nyanya alinyoa nywele, matanga yakaanza. Nilikuwa na umri wa miaka minane, na sikujua nimwamini nani. Nilikaa nyuma ya nyumba nikamlilia baba yangu peke yangu, ili Mama asinione.

Kilio kile kilisafiri na malori. Mvua ilipokaribia, dereva mmoja wa lori la mbuzi alisimama mbele yetu bila kupungiwa mkono. Alisema alikuwa amemwona Baba mnadani huko mpakani, mzima kabisa. Watu walikuwa wamemweleza kwamba kwake matanga yamekwisha na mke amevua shanga.

"Alisemaje?" Mama aliuliza.

Dereva aliyatazama magurudumu yake. "Alisema, kama wamenilia, basi wamemaliza."

Baba hakurudi. Hadi leo sijui kama habari ile ya matanga ilimchoma au ilimfungulia mlango aliokuwa akiutafuta. Wanawake walijitolea kumpa Mama shanga, kila mmoja uzi mmoja. Alikataa. "Nikivaa, nitakuwa mke wa nani?" Kidogo kidogo wakaanza kuketi mbali naye, kwa kuwa hakuwa mjane na hakuwa mke, na hawakujua wazungumze naye kama nani. Msimu ule tulisuka sisi wawili tu.

Sasa mimi ni fundi wa cherehani mjini Kakuma. Shule niliiacha mapema, lakini nimejisomea, kamusi ikiwa kando, vitabu vikuukuu vinavyouchambua utalii: nani anatazama, nani anatazamwa, nani anafaidika. Ni maswali mazuri. Sijaona kitabu kinachomfuata aliyetazamwa hadi nyumbani kwake baada ya gari kuondoka. Wageni huja hata hapa, kuiona kambi ya wakimbizi. Juzi kijana mwenye kamera alimwambia jirani yangu, mama wa Sudan Kusini anayeuza chai, "Dakika mbili tu, mama." Jirani alinigeukia. Nilitaka kumweleza habari hizi zote, lakini dakika mbili hazikutosha, na tayari kijana alikuwa amekwisha kupiga picha.

Kuhusu nani alifaidika, hesabu yetu naikumbuka vizuri. Mgeni alitoa shilingi mia nne. Kiongozi akakata hamsini. Mama akabaki na mia tatu na hamsini.