Utafiti wa cerebral palsy Bungoma: siku tulipoulizwa sisi wazazi tunataka nini

Wakuu, salamu kutoka Kitale. Mvua imetufungia ndani, basi acha niandike.

Juzi kuna member aliuliza kama akubali mtoto wake mwenye cerebral palsy (CP), yaani mtindio wa ubongo, aingizwe kwenye utafiti. Sikuweza kumjibu kwa mstari mmoja. Haya yalinipata mimi na familia yangu, na sitatia chumvi.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni, wakati simu ya mkononi ilikuwa ya wenye nazo.

Mimi nilikuwa nauza mahindi hapa Kitale. Mke wangu ni mtu wa Malakisi, binti wa mkulima wa tumbaku. Kifungua mimba wetu, Nafula, alizaliwa akachelewa kulia. Alifika umri wa kwenda nasari na bado hawezi kukaa wala kusema. Hospitali wakatuambia ni CP. Kijijini walisema mengine, hayo tuyaache.

Tulikuwa na kikundi cha wazazi, tunakutana Jumamosi kwa ukumbi wa kanisa fulani Bungoma.

Bana, nazimiss zile Jumamosi!

Watoto kwa mikeka, chai ya maziwa kwa sufuria kubwa, mama mmoja anaanzisha wimbo kwa Kibukusu. Mtoto akitokwa na mate, hakuna wa kumkodolea macho. Huko nje ulikuwa unaeleza watu mpaka unachoka. Mle ndani haukuulizwa kitu.

Siku moja akaja mtafiti, mwanamke wa physio, hao wa mazoezi ya viungo, tukamuita Daktari Rose. Akasema anataka kuchunguza mazoezi ya kuwasaidia watoto kutembea.

Halafu akasimama Mama Simiyu, muuza ndizi kutoka Bumula. Simiyu wake alikuwa kijana mkubwa tayari, lakini bado alimbeba mgongoni.

"Daktari, wengine walikuja kabla yako. Wakauliza maswali, wakapiga picha, wakaenda. Mpaka leo hatujui waliona nini. Wewe ukimaliza utarudi, ama ni vile vile?"

Mimi nikajua mambo yameharibika. Lakini yule daktari alivua viatu, akaja akakaa nasi kwa mkeka.

"Nitarudi," akasema. "Na kabla sijaanza, hebu niambieni. Nyinyi mngetaka tuchunguze nini?"

Wakuu, hilo swali hatukuwa tumewahi kuulizwa.

Aliyejibu ni mke wangu, na huyo si mtu wa kuongea mbele ya watu.

"Kutembea tumemwachia Mungu. Mimi nataka mtoto ale bila kupaliwa. Kila nikimlisha naogopa ataniishia mikononi."

Wee! Ukumbi mzima ukaongea mara moja. Kumbe kila nyumba ilikuwa na uoga huo huo, na kila mmoja alidhani ni wake peke yake.

Daktari alienda kuongea na wakubwa wake. Ilichukua muda, tukaanza kusema ndio amepotea kama wale wengine. Akarudi. Utafiti sasa ulikuwa wa kulisha na kukalisha mtoto, na mke wangu na Mama Simiyu wakaingia kwa kamati. Swali la kuuliza wazazi likiwa gumu, wao wanaliweka kwa lugha ya nyumbani. Jambo likiwa la kumwaibisha mzazi, wanakataa na linatolewa.

Siku moja Daktari alileta kiti cha kumkalishia Nafula, akamuuliza mke wangu, "Nafula anaonaje hiki kiti?"

"Si umuulize mwenyewe? Akikubali anaangalia juu. Akikataa anafunga macho."

Daktari akapiga magoti. "Nafula, kiti ni kizuri?"

Msichana akafunga macho.

"Kinakuumiza?"

Macho juu.

"Mgongo?" Akafunga. "Miguu?" Juu, haraka!

Nilitoka nje nikajifanya naangalia mawingu. Kiti kikarekebishwa, na tangu hapo kila mtoto mwenye njia yake ya kujibu alikuwa anaulizwa yeye kwanza.

Kabla ya utafiti kuisha, Simiyu alishikwa na homa ya mapafu akatuacha. Tulimzika Bumula. Tukajua mamake hatutamwona tena Jumamosi.

Siku ya kuletewa matokeo, aliingia. Mgongo mtupu. Akakaa kwa mkeka.

Mke wangu akamwambia polepole, "Dada, hata ungebaki nyumbani tungeelewa."

"Nimekuja kusikia kazi ya mtoto wangu."

Daktari Rose akamuuliza, "Mama, naruhusiwa kumtaja?"

"Mtaje."

Akamtaja wa kwanza. Kisha akatueleza yote: njia zilizopunguza kupaliwa, na zile ambazo hazikusaidia chochote. Hakuficha. Mama Simiyu alisikiliza mpaka mwisho, bila machozi.

Pale kando kulikuwa na mama mgeni, amekuja mara ya kwanza, anahangaika na mtoto na kikombe cha uji. Mama Simiyu akasogea, akampakata yule mtoto, akamwinua kichwa vizuri.

"Shika hivi," akamwambia. "Usiogope. Mpe kidogo kidogo."

Mtoto akameza.

Nafula sasa ni mtu mzima, na chakula asichokitaka anakifungia macho hadi leo. Kile kikundi kilitawanyika, wengine walihama.

Kwa yule member: utafiti si mbaya, ndugu yangu. Ila kabla ya kukubali, uliza kama wewe na mtoto mtasikizwa, na kama watarudi kuwaambia walichokiona. Wakikwepa hayo maswali mawili, chukua mtoto wako mwende nyumbani.

Wazazi wenzangu, na nyinyi mlio upande wa utafiti, kwenu ilikuwaje? Uwanja ni wenu, ila tuongee kwa heshima, kuna watu hapa bado wana kidonda.