Mfupa wa Kiingereza

Mimi nilianguka mtihani wa fomu foo, ule wa kumaliza sekondari, kwa sababu maneno kama "analyse" na "justify" yalinitisha kwenye karatasi. Niliapa binti yangu Halima hatayaogopa. Kwa hivyo nilitoboa mfupa wa mbuzi, nikautia kamba. Kwetu nyumbani, ukikosea Kiingereza cha vitabu au ukiponyokwa na Kiborana, lugha yetu, unauvaa shingoni mpaka mwenzako akosee.

Jana asubuhi niliponyokwa mimi. Nilimfokea mbuzi kwa Kiborana, Halima akanivisha mfupa. Sheria ni sheria, basi nikaenda nao sokoni kuuza maziwa, nimeuficha chini ya leso niliyojitanda.

Mara mwalimu wake akanipigia simu. "Mama Halima, kuja shule saa hii." Ameanguka? Amefukuzwa? Niliacha maziwa hapo hapo nikakimbia kama mwendawazimu.

Nilimkuta Halima katika ofisi ya walimu, mzima, kichwa chini. Mwalimu akaniambia, "Huyu mtoto siku hizi hasemi kitu darasani. Anaogopa kufungua mdomo. Kuna mtu anamtisha huko nyumbani?"

Hofu yote ikageuka hasira. Nilipiga meza. "Nani? Nani anatisha mtoto wangu? Mnitajie leo anione!"

Walimu wote walikuwa wakitazama kifua changu, mfupa ukining'inia.

Halima akaninong'oneza, "Mama, leso yako imeanguka."