Ndege Aliyoingoja Doto

Tarehe nne mwezi wa pili mwaka huu, asubuhi, nilimpoteza Doto, pacha wangu. Ndege aliyokuwa akiingoja ilikuwa haijatoka. Nayasema haya mapema ili mtu asisome mpaka katikati huku akitumaini.

Sisi tuliokulia kijijini Samuye, Shinyanga, miaka ile hatukujua vitu vya kuchezea vya dukani. Vyetu vilitoka shambani. Mtama ukishavunwa, mabua yalikuwa mali ya watoto. Tuliyamenya, maganda yakawa misumari, na ile nyama nyeupe ya ndani ikawa magurudumu, mabawa na viti. Maganda yale yalikata vidole, na jioni tulipotia mkono kwenye mlenda wa moto vidonda viliwaka. Mama hakutuonea huruma. "Mkono uliojitafutia kidonda usinililie kwenye mboga yangu," alisema, nasi tulikula huku tukipuliza vidole.

Wenzangu wa umri wangu mtakumbuka kwamba ndege ilikuwa na siku zake. Ilipita juu ya mashamba ya pamba ikishuka kwenda uwanja wa mjini, na ngurumo yake ilitufikia kabla hatujaiona. Tuliacha ng'ombe wakaingia kwenye mihogo ya watu, tukakimbia tukiipigia kelele itushushie mkate. Haikushusha hata siku moja, na hatukuacha kuomba. Ilikuwa ndege ya pangaboi, yenye mapanga mawili makubwa, moja kila bawa. Mara moja tu tuliiona ikiwa chini. Baba alitupakia kwenye baiskeli, mimi kwenye bomba la mbele, Doto nyuma kwenye keria, akatupeleka mpaka kwenye waya wa uwanja. Mimi nakumbuka mwanamke aliyeshuka na kofia nzuri. Doto alikumbuka kwamba ngazi ilikuwa na vidato vitano, na kimoja kilikuwa kimepinda.

Toka siku hiyo ndege zetu za mabua zikaachana. Mimi nilitengeneza yangu haraka, nikairusha, ikaenda kidogo, ikavunjika, nikatengeneza nyingine. Doto alitengeneza moja. Aliiwekea ngazi, na kidato kimoja akakipinda. Aliiwekea viti na abiria wa udongo, na mlango wa dereva unaofunguka. Nilipomwambia airushe alijibu, "Yangu bado." Msimu ukapita. Aliiweka juu ya kihenge cha mtama, na kila siku aliishusha akaongeza kitu. Mwishowe mchwa waliila, ikiwa bado haijaruka. Nililia mimi. Yeye aliwakung'uta mchwa, akaanza upya.

Nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Kwa Wasukuma pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, na Kulwa hutangulia. Mimi nilizaliwa nikiwa mbele, basi nilikuwa mbele katika kila kitu. Mama akigawa michembe, vile viazi vikavu alivyopika na karanga za kutwanga, mkono wake ulianza kwangu. Kunyolewa nilianza mimi. Kuingia nyumba ya watu niliingia mimi, na nikichelewa nje, Doto alisimama mlangoni kama ndama, akingoja nipite. Mwalimu wa darasa la kwanza hakuwa mtu wa huku, alimchapa kwa kusimama mlangoni kengele ikiwa imeshalia. Doto hakumweleza. Alingoja nikafika, nikaingia, naye akaingia nyuma yangu akijifuta machozi.

Lililomkera ni moja tu. Mama yetu anaitwa Mama Kulwa. "Vitu vyote tunagawana sawa," alilalamika, "ila mama kapewa Kulwa peke yake." Mama alicheka, na siku nyingine akiwa na furaha alijiita Mama Doto, kwa sauti ndogo, ili wakwe wasisikie.

Tulipomaliza darasa la saba mimi nilipelekwa kujifunza cherehani mjini, na Doto alikwenda Geita kwenye dhahabu. Alianza kwa kuvuta mawe kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, kisha akapata kazi kwenye karasha, mashine inayosaga mawe kuwa unga. Kazi ya karasha ilionekana ya heshima kwa sababu unafanya ukiwa juu ya ardhi. Hakuna aliyeogopa vumbi. Walioogopwa ni wale wa chini, ambao udongo ungewafukia. Doto alijifunga fulana puani akasaga mawe miaka mingi, na alipokuja nyumbani Krismasi nyusi zake zilikuwa nyeupe kama za babu, tukamcheka.

Huko Geita alikutana na Masanja, kijana mwenye kibanda cha video na gemu. Wachimbaji walikwenda pale kucheza mpira wa kwenye kioo na kupigana bunduki. Doto alikuta gemu ya kuendesha ndege ambayo hakuna aliyeitaka, kwa sababu hapigwi mtu wala hafungwi mtu. Akaanza kuirusha. Alitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam kwa muda uleule ambao ndege ya kweli hutumia, amekaa kimya, anatazama mawingu. Vijana walimtania, "Mzee, hiyo ndege yako haina goli?" Yeye aliwajibu kwamba goli lake ni kutua. Baadaye Masanja alimuuzia kompyuta iliyotumika, na Doto alipokuja kwangu Ngokolo, pale mjini Shinyanga, akiwa mgonjwa, kompyuta ilikuja imefungwa kwenye blanketi, na nguo zake kwenye kiroba.

Kifua chake kilikuwa kimeshakufa. Daktari alituonyesha picha, akasema kwa upole kwamba vumbi la mawe limegeuza mapafu kuwa magumu, na dawa ya kulitoa haipo. Nilimuuliza kama kuna kingine cha kufanya. Akasema apumzike. Doto, ambaye hakuwa na la kufanya zaidi ya kupumzika, akaanza kungoja ndege.

Nieleze, maana na mimi ilinichukua muda kuelewa. Gemu ile huja na ndege zake, lakini ni nyepesi, swichi nyingi zimechorwa tu. Kuna mafundi ng'ambo ambao kazi yao ni kutengeneza ndege moja kwa ukamilifu, kila swichi ifanye kazi, kila taa, kila mlio, kisha unailipia na kuiongeza kwenye gemu. Mafundi hao walikuwa wametangaza kwamba wanatengeneza ndege ya abiria ya pangaboi. Doto alipoiona picha aliniita niache cherehani. Ilikuwa ileile ya utoto wetu. Alikuwa ameshailipia.

Toka hapo nyumba yangu iliishi kwa habari za mafundi hao. Walitoa picha ya usukani wenye rangi iliyobanduka mahali mkono unaposhika, Doto akaitazama siku nzima. Walitoa mlio wa mapanga yakianza kuzunguka, akautegea masikio huku akihema. Watu wa jumuiya walipokuja kumwombea, mama mmoja aliona viti vitupu vya rubani kwenye kioo akamuuliza anasafiri lini. "Wakimaliza kupaka rangi," Doto alimjibu, na yule mama akaenda kutangaza kwamba mgonjwa wa fundi cherehani anapelekwa India.

Kila mara mafundi walisogeza siku. Mimi nilikasirika. Niliwaona watu wenye pumzi za kutosha wanaomchezea mtu asiye nazo. Doto hakukasirika. Alisema kitu chenye ngazi lazima kichelewe. Wakati huo alikuwa hawezi tena kufika chooni bila kukaa njiani, na kikohozi chake kilikuwa kikavu kama mtu anayekwaruza sufuria. Usiku alilala ameketi. Mgongo wake niliusugua mimi, niliweza kuhesabu mifupa kwa kiganja.

Alinifundisha kuwasha ndege kwa kutumia ile nyepesi. Alisema ndege ikitoka mimi ndiye nitakayeiendesha kwanza, kwa sababu Kulwa hutangulia, kisha atakaa yeye. Nilimwambia mimi ni mtu wa uzi na sindano. Akasema cherehani ni ngumu zaidi. Basi nikajifunza: betri, mafuta, taa, nikirudia kama mtoto wa katekisimu. Kulikuwa na jambo moja lililomfurahisha kupita yote. Katika ndege zile za pangaboi aghalabu huwashwa injini ya pili kwanza, ile ya kulia, ndipo inafuata ya kwanza. Kila tukifika hapo nilikosea, mkono wangu ulikwenda kwenye ya kwanza wenyewe. Alicheka mpaka akakohoa.

"Humu Doto anatangulia," aliniambia. "Zoea, dada."

Sikuzoea.

Asubuhi ile ya tarehe nne nilikuwa nashona sare za shule. Aliniuliza kama wametoa. Nikafungua simu yake kama alivyonielekeza, nikatazama, nikamwambia bado. Akaitikia kwa kichwa. Chai ilikuwa tayari kwenye kibaraza, nikamwambia nimshike twende.

"Tangulia," alisema. "Nakuja."

Nilitangulia. Nikamimina vikombe viwili. Kikohozi kilikuwa kimenyamaza, nikafurahi kwamba amepata nafuu, nikamwacha apumue. Niliporudi alikuwa ameketi vilevile, simu iko mkononi.

Tulimzika Samuye. Ilipofika wakati wa kutoa jeneza ndani ya nyumba, vijana walishalibeba, wakaambiwa na baba mdogo wasimame. Alisema jeneza la Doto haliwezi kuvuka mlango huo kabla ya Kulwa. Watu wote wakanigeukia. Mama, aliyekuwa ameketi chini na wanawake, aliniambia, "Nenda mwanangu, mwenzio anangoja." Nikatoka. Nikatembea mbele yao kupita kihenge, kupita zizi, mpaka kwenye shimo, na pale nikasimama. Pale ndipo aliponipita.

Siku ya kumaliza matanga tuligawa vitu. Nguo walichukua binamu. Ndugu mmoja alitaka kompyuta ikauzwe, baba mdogo akakataa, akasema cha pacha ni cha pacha. Nikarudi nayo Ngokolo, nikaifunika kwa khanga, nikaendelea na sare zangu.

Siwalaumu watoto wa sasa, lakini nawatazama. Wanangu gemu ikichelewa kufunguka kidogo tu wanaitukana simu. Kitu kikiwachosha wanafuta, wanachukua kingine. Sisi wali tuliungoja mpaka Krismasi, ndege tuliingoja siku yake, na kitu tulichokingoja tulikuwa tunakijua kabla hakijafika, hata kisipofika. Zamani niliona hiyo ni sifa yetu. Siku hizi sina hakika. Doto alijua kungoja kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na aliyapa mawe miaka ile yote akingoja maisha yakamilike. Yule mwalimu alimchapa, hakusogea mlangoni. Pengine angekuwa na papara kidogo kama vijana hawa angeitupa ile fulana, akaondoka kwenye karasha mapema. Tungegombana naye, tungemwita mvivu. Angekuwa hapa.

Ndege ilitoka mvua zikiwa mwishoni. Masanja alinipigia kutoka Geita. Alinisalimia shikamoo, kisha akasema, "Dada Kulwa, ile kitu ya kaka imetoka." Jumamosi akapanda basi akaja. Aliweka simu yake iivute ndege kutoka mtandaoni, ikachukua mchana wote, na mama, ambaye alikuwa amekuja kwangu kutibiwa macho, aliuliza mara kwa mara imefika wapi, kana kwamba inatokea Tabora. Ilipokamilika Masanja akaiweka kwenye uwanja wetu wa Shinyanga. Kwenye kioo hapakuwa na nyumba wala pamba, ni udongo tu na njia ya kurukia. Ndege ilikuwa imesimama pale, mlango wazi, ngazi imeshuka.

Masanja aliniuliza kama aiwashe yeye. Nikamwambia hapana. Alinielewa, akatoka kwenda kunywa chai na mama kibarazani.

Nikakaa. Nilifanya betri, mafuta, taa, na kila nilichogusa kiliitika, kama mafundi walivyoahidi. Nilifika kwenye injini. Mkono wangu ukaenda kwenye ya kwanza, kama kawaida yake, nikauzuia. Nikawasha ya pili. Panga la kulia likazunguka polepole, kisha likashika kasi mpaka halikuonekana tena, na ngurumo ikajaa chumbani. Kibarazani mazungumzo yakakoma. Nikaliacha lizunguke peke yake kwa muda.

Kisha nikawasha ya kwanza.