Kioo Juu ya Ufa

Katika ukoo wa marehemu mume wangu woga ulimwangukia mtu mmoja tu, naye ni wifi yangu. Kaka zake walitembea juu ya mapaa kama paka. Yeye alipanda ngazi midomo ikimtetemeka, akashuka ameloa jasho. Hata hivyo alikuwa mwashi, na hakuna aliyemlazimisha. Mume wangu alimfundisha kazi tangu alipokuwa msichana wa kumshikia ule uzi wenye chuma unaopima kama ukuta umesimama wima. Mafundi wakamwita Timazi, na jina likamganda. Watu husema hata akikusalimu, anakutazama kwanza kama umenyooka.

Wenzake walimtania bila kuchoka. Seremala mmoja mwenye sauti nene alimuuliza kila asubuhi kama ameshaagana na wanawe kabla ya kupanda jukwaani. Timazi hakukasirika. Alimjibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kwamba yeye binafsi anapenda sana kicheko.

Misheni ilipoamua kuligeuza ghala lake la zamani kuwa kituo cha vijana cha kujifunzia, kazi ya kuta alipewa yeye. Nilifurahi, kwa sababu ghala lile lilijengwa na mume wangu, na mji mzima unalijua hilo. Palipangwa chumba cha kompyuta, maktaba ndogo, chumba cha cherehani na ukumbi mrefu. Kati ya ukumbi na chumba cha cherehani palikuwa na ukuta ambao Timazi hakuupenda. Ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, uliopanda kutoka kona ya mlango hadi chini ya dari.

Nataka jambo moja lieleweke, kwa kuwa watu hawaishi kusema. Mume wangu aliujenga ukuta ule ubebe mabati, basi. Tangi la maji lililokuwa juu yake liliwekwa baadaye, yeye akiwa ameshazikwa, na hakuna aliyekuja kutuuliza.

Ufa peke yake si kesi. Kila ukuta huzeeka. Wa kuogopwa ni ufa unaotembea. Kwa hiyo Timazi alifanya alivyofundishwa na kaka yake. Alikata vipande vyembamba vya kioo, akavibandika kukatiza ufa, kila ncha ikashikwa na donge la saruji. Ukuta ukitulia, kioo hubaki kizima. Ukisogea hata kidogo, kioo hakijui kunyumbuka, hupasuka. Mhandisi wa misheni aliafiki, akaahidi kuja kuvikagua kabla ya ufunguzi. Kila asubuhi Timazi alivitazama kabla hata ya kuweka mkoba wake chini, na kila asubuhi vilikuwa vizima.

Kisha homa ikamlaza. Nilimuuguza nyumbani kwangu, na hata katika homa aliulizia vioo vyake kama mtu anayeulizia watoto. Alipopata nguvu ya kusimama alijifunga shali, akanitaka nimsindikize kituoni.

Tulikuta akina mama wa kanisa wameshafanya usafi. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa, unang'aa kama sahani. Ufa hauonekani. Vioo havipo.

Timazi aliuliza viko wapi. Mwenyekiti wa akina mama, mtu wa bidii asiyejua kukaa, alicheka kwa moyo mweupe.

"Vile vigae? Tumekusaidia, dada. Ukuta ulikuwa kama mgonjwa aliyebandikwa plasta. Nilivikwangua mwenyewe kwa kisu."

"Vilikuwa vizima?"

"Sasa dada, nani anakagua takataka?"

Ng'ambo ya ukuta vijana walikuwa katika chumba cha cherehani wakijifunza wimbo wa ufunguzi, na kila mwisho wa ubeti walipiga miguu chini. Niliusikia mshindo ule ukinipanda kutoka sakafuni hadi magotini. Timazi aliusikia pia. Uso wake ulibadilika, ukawa wa rangi ya jivu.

Alikwenda nyuma ya jengo, kwenye pipa la takataka, akaingiza mikono yote miwili. Nilimsihi aache, watu wanatazama. Binti wa ukoo ule hachokori jalala mchana kweupe. Hakunisikia. Alitoa vigae vilivyosagwa na kisu, kingo zake zikimeta. Kisha akatoa nusu mbili za kipande kimoja, kila nusu ikiwa bado imeshika donge lake la saruji. Kilikuwa kimekatika katikati, mstari mmoja ulionyooka, na ukingo wa mkato ulikuwa umeshiba vumbi la kijivu. Kioo kilichovunjika leo hakina vumbi.

Alizishika nusu zile mbele ya macho yangu.

"Wifi, hiki kilipasuka ukutani. Unatembea."

Nilimwambia tumwite Baba Mchungaji wa misheni pembeni kwanza, tuongee kwa utaratibu, tusitangaze. Akanitazama.

"Jina la kaka nitalibeba mimi. Watoto wa watu sitaweza kuwabeba."

Akaingia chumba cha cherehani. Mimi nilibaki kizingitini, nikimwona amesimama chini ya ukuta uleule, pindo la sketi likimchezacheza. Hakuweza kupiga kelele, maana vijana wakikurupuka mshindo wao ungemaliza kazi. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba wimbo mzuri hivi unaozea ndani, watoke wakaimbe uani, polepole, kwa mlango wa mbali, na atakayekimbia hapati soda. Walicheka. Binti mmoja alimuuliza mbona anatetemeka.

"Ni homa, mwanangu. Pita."

Walipita wakisukumana na kutaniana, nami nikahisi kila mmoja anatembea juu ya kifua changu. Yeye hakutoka mpaka wa mwisho alipovuka.

Seremala, bila utani, alikimbilia mirunda ya kuegemeza. Timazi alimzuia mlangoni. Akamtuma kufungua bomba la tangi, uzito upungue. Maji yalikuwa bado yanamwagika tuliposikia mlio kama wa kuni inayopasuliwa. Sehemu ya juu ya ukuta ikainama, ikalala juu ya cherehani. Vumbi lilitoka madirishani.

Baba Mchungaji alipofika alitaka kujua ukuta ulikuwa wa nani. Nilifungua kinywa nieleze habari ya tangi. Timazi akaniwahi. Alisema ni wa kaka yake, na yeye ndiye aliyekabidhiwa. Habari ya tangi niliieleza mimi baadaye, kwa Mchungaji na kwa mhandisi, na ninaieleza tena hapa.

Ukuta mpya aliujenga mwenyewe, na tangi likashushwa chini. Pale kazi mpya inapokutana na ya zamani amebandika kipande cha kioo. Siku ya ufunguzi alishauriwa akitoe kwa ajili ya wageni, akakataa. Siku hizi Mwenyekiti ndiye anayekipangusa, kwa kitambaa laini, na ole wake atakayekigusa kwa ufagio.

Timazi bado anapanda ngazi midomo ikitetemeka. Vijana wakianza kupiga miguu yeye huinuka kitini, huenda hadi ukutani, hutazama. Zamani ningemvuta shali akae, watu wasimcheke. Sasa humngoja arudi, na mpaka atakaporudi huwa sisikii wimbo.