Gemu ya Mkononi ya Osewe na Majid

Nereah alikuwa mama wa maneno machache na maombi mengi. Alikaanga dagaa wa omena kando ya njia huko Lindi, mtaa wa mabanda jijini, akarudi kwenye chumba chake kimoja, akafunga mlango kwa chuma na kumshukuru Mungu kwa siku. Mumewe alishazikwa kijijini kwao, Gem. Aliyebaki wa kumtia wasiwasi ni Osewe, mwanawe wa pekee, mbeba mizigo mwenye kifua kipana na hasira za karibu.

Mwenye ploti, zile nyumba za kupanga, alikuwa mama Mnubi, Sitelbanat, ambaye wapangaji walimwita Mama Majid. Yeye na Nereah walizoeana tangu Nereah alipopanga chumba kilichopakana mgongo na nyumba yake. Idi ikija, sahani ilivuka ua. Krismasi ikija, sahani ilirudi. Na Abdulmajid, mtoto wa Sitelbanat, alikua na Osewe kama mapacha. Walipokuwa shuleni walitoroka pamoja hadi Kawangware, kwenye ukumbi mmoja wenye mashine kubwa ya gemu. Unatia shilingi, wanaume wawili wanatokea kwenye kioo, wanapita mtaa kwa mtaa wakipiga kila anayewazuia. Ukumbi ulipofungwa walisikitika kama waliofiwa.

Basi mwaka wa tisini na tano, mwajiri mmoja wa Lavington, mtaa wa matajiri, alihama, akamwachia Osewe kitu cha kushika mkononi, kikubwa kama Biblia ndogo. Osewe alipokiwasha alipiga kelele. Ilikuwa gemu ileile ya Kawangware, imepunguzwa, haina rangi, mtu ni mmoja badala ya wawili. Tangu hapo yeye na Majid walikaa kwenye benchi la uani kila jioni, wakipokezana. Betri zikichoka walizianika juu ya mabati zipate nguvu, na redio ya Nereah ikanyamaza kwa sababu betri zake nazo zilichukuliwa.

"Wanaume wazima na ndevu zenu!" jirani yao Khamala aliwacheka. "Tafuteni mabibi!"

"Bibi atatuonyesha njia ya kupita hapa darajani?" Majid akamjibu bila kuinua macho. "Tulia, Khamala, unaniulia mtu."

Lakini mtaani hewa ilikuwa imebadilika. Kulikuwa na maneno ya kodi, wapangaji, wengi wa kabila la Nereah, huku na wenye ploti Wanubi kule, na kila siku maneno yalizidi kuwa machafu. Watu walioombana chumvi walianza kuulizana kabila. Vijana wa wapangaji walikuja jioni kumwita Osewe kwenye mikutano yao.

"Osewe, twende. Watu wanangoja."

"Ngojeni kidogo. Nikifa nakuja."

Na kwenye gemu alikuwa hafi. Wale vijana walisimama, wakachoka, wakaenda bila yeye. Binamu za Majid nao walikuja upande wa pili wa ua, wakajibiwa hivyohivyo: zamu yake iko karibu, watangulie.

Nereah aliyaona haya yote, ila alichosikia ni lile neno, nikifa. Lilimwingia mwilini kama baridi. Siku moja akauliza, "Hiki kitu mwisho wake ni nini?"

Majid akacheka. "Ile kubwa ya Kawangware, Mama Osewe, mkishamaliza maadui wote mnabaki nyinyi wawili. Hapo lazima mpigane wenyewe, mpaka mmoja abaki."

"Mnapigana nyinyi? Marafiki?"

"Hii ndogo haina hiyo, Mathe," Osewe akasema. "Mtu ni mmoja tu."

Nereah hakusikia hilo la mwisho. Usiku huo hakupata usingizi.

Kanisa lake lilikuwa bado kulekule Kawangware, alikokaa zamani, na kila Jumapili alipitia Riruta kwa miguu. Siku zile Mchungaji Shivachi alifundisha juu ya vitu ambavyo shetani huvipenyeza nyumbani, na waumini walileta hereni, picha na kanda ili zichomwe nyuma ya kanisa. Jumapili iliyofuata Nereah alibeba ile gemu ndani ya leso. Ikamwagiwa mafuta ya taa. Ilitoa moshi mweusi wa kukaba koo, kioo kikapasuka, na akina mama wakaimba. Nereah aliimba kuwashinda wote. Alirudi Lindi miguu ikiwa myepesi, akijua ameokoa vijana wawili kwa mkono mmoja.

Osewe aliambiwa akiwa kwenye benchi na Majid. Alitazama mikono yake tu.

"Si neno, Mama Osewe," Majid akasema kwa adabu. "Ni kitu tu." Akainuka kwenye benchi, akajipangusa suruali, akaenda kwao.

Kesho yake jioni benchi lilikuwa tupu. Vijana walikuja kumwita Osewe, naye hakuwa tena na gemu ya kumshika. Akaenda. Majid akachukuliwa na binamu zake. Walipokutana njiani walisalimiana niaje, baadaye wakatikisiana vichwa, halafu mmoja akaanza kuvuka ng'ambo akimwona mwenzake. Nereah akafunga, akaomba. Usiku aliota lile benchi.

Ikaja alasiri moja filimbi zikalia upande wa Makina, waliko Wanubi wengi, na vibanda vikafungwa haraka haraka. Osewe aliingia mbio, akachukua kile chuma cha kufungia mlango. Nereah akamkamata shati.

"Baba, keti. Nakuomba, keti hapa na mimi."

"Nikae nifanye nini, Mathe?"

Shati likamtoka mkononi, Osewe akatoka na chuma chake.

Moshi ulikuwa umeanza kupanda nyuma ya nyumba Sitelbanat alipoingia, miguu mitupu, mtandio umeanguka. "Majid yuko kwako?"

"Hayuko, dada yangu. Wako wote huko nje."

"Wanachoma upande wangu. Siwezi kurudi."

"Ingia, ingia."

Mlango haukuwa na cha kuufunga. Wale mama wawili wakaketi chini, wakauegemea kwa migongo yao, bega kwa bega, kila mmoja akimwomba Mungu kwa maneno aliyofundishwa. Mawe yalianguka juu ya mabati. Mtu alipiga yowe, na haikujulikana ni la nani.

Kisha miguu ikaja mbio, ikasimama palepale. Mtu akausukuma mlango kidogo, akaacha. Walimsikia akihema.

"Muulize ni nani," Sitelbanat akanong'ona, kucha zake zikimwingia Nereah mkononi.

Kama ni wa upande wa wapangaji, sauti ya Nereah ingemwalika aingie amkute Mama Majid. Kama ni wa upande wa Wanubi, angemkuta Nereah mwenyewe. Na kama ni Osewe au Majid, mwenzake yuko wapi? Nereah akafungua mdomo, asijue aite jina gani.