Bi Ouida na Miguu ya Tramaine

Ouida Fairchild alikaa miaka thelathini na moja mbele ya meza ya jaji pale mahakamani Pontola, Mississippi, na miaka yote hiyo hakutia neno lake hata moja. Kazi yake ilikuwa kuandika kila kinachotamkwa mle ndani kwa kile kimashine chake kidogo: viapo, uongo, matusi, vikohozi. Wakili akigugumia, kigugumizi chake kinaandikwa. Kuna shahidi alizimia katikati ya sentensi. Ouida akaandika nusu, akangoja amwagiwe maji, na alipozinduka baada ya robo saa akaandika nusu iliyobaki, nukta ikakaa mahali pake. Marehemu mumewe, Elgin, aliacha kubishana naye mwaka wa pili wa ndoa. Utabishana vipi na mtu anayekumbuka ulichosema Pasaka ya juzi, na ulikohoa wapi?

Basi mwanamke huyo asiye na doa ndiye aliyeponzwa na miguu ya Tramaine Odom.

Tramaine alikuwa mdakaji wa timu ya chuo pale Pontola, katika ule mpira wao wa kuvaa kofia ngumu na kuangushana. Mtoto yule Mungu alimuumba Jumatatu asubuhi, kabla hajachoka. Alipopita mbele ya saluni ya Clotee Raines, wateja walitoka kumtazama wakiwa na dawa kichwani, wakasahau kuoshwa mpaka nywele zikanyonyoka. Ndiyo maana mwaka ule nusu ya kwaya ya kanisa la Mount Nebo iliimba na vilemba. Mke wa mchungaji alimpungia mkono akiwa kwenye usukani, akagonga bomba la zimamoto, na maji yakaruka siku tatu mpaka bata wakahamia barabarani. Yeye mwenyewe Tramaine alikuwa haya tupu. Ukimsifu anatazama viatu.

Shida yake ilikuwa miaka. Chama cha michezo ya vyuo kina sheria: ukianza kucheza, unahesabiwa miaka mitano, kisha basi. Yake ilikwisha, lakini miwili hakuugusa mpira, mmoja akiuguza goti, mwingine akimuuguza mama yake. Alikwenda kwa jaji kuomba arudishiwe msimu mmoja tu. Na usajili ungefungwa Jumamosi. Jumamosi ikipita hajaingia uwanjani, ndiyo kwaheri ya mpira.

Shauri lilisikilizwa Jumatano, na ile mashine ya ubaridi ya mahakama ikachagua siku hiyohiyo kufa. Wanawake wa Mount Nebo walijaza viti vyote, kila mmoja na upepeo wa karatasi ngumu wenye sura ya Tramaine.

Wakili wa chama, bwana mmoja wa kaskazini aitwaye Brandt, mwembamba, tai imembana, akasimama. "Mheshimiwa, mlalamikaji anatupepea na uso wake mwenyewe. Hii si haki."

Jaji Hollowell alikuwa mzee mkavu, asiyecheka hata na mjukuu. "Joto ni la wote, wakili. Akina mama, geuzeni hizo picha zisituangalie huku."

Wakazigeuza. Sasa kila mmoja akawa anatazamana na picha yake ana kwa ana, na kupepea kukazidi.

Ilipofika habari ya goti, jaji akataka kuona kovu. Tramaine akasogea mbele, akainama, akakunja suruali mpaka juu ya goti. Mguu ukatoka. Wanaosema ulikuwa mguu wa kawaida hawakuwamo mle ndani.

"Ee Bwana Yesu," ikasikika sauti, "na miguu hiyo."

Vidole vya Ouida viliiandika kabla yeye hajajua imetoka wapi. Kisha akajua. Ilikuwa imetoka kinywani mwake.

Jaji hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Clotee alikuwa amekaa nyuma ya Ouida, wametenganishwa na kijibao tu, na kwa sifa ya Clotee ya kuropoka hakukuwa na haja ya kuuliza. "Bi Raines, toka nje."

Clotee akafungua mdomo. Akaitazama shingo ya Ouida, jinsi ilivyokuwa ikitiririka jasho. Akaufunga mdomo, akachukua mkoba wake, akatoka taratibu kama bibi harusi.

Ouida akaendelea kuandika. Saa kumi jaji aliamua: kijana acheze.

Clotee hakupoteza muda. Ouida alipofika kwake alikuta gari la shoga yake limeshaegeshwa uani, na Clotee jikoni amejimiminia chai ya barafu, sukari imejaa nusu ya gilasi.

"Wewe mjane wa watu," akasema Clotee. "Miaka thelathini umekaa kama nguzo, kumbe mto unapita chini."

"Clotee, nimekukosea. Nilipaswa kusema palepale."

"Umenikosea nini? Mjini wote wananinunulia kambare wa kukaanga kwa neno lile. Sikiliza, shoga. Yule wa kaskazini ataomba kumbukumbu?"

"Ameshaomba. Anazitaka kesho."

"Basi andika ni mimi. Nimeshatolewa, nimeshasemwa, sina cha kupoteza. Akiona ni karani wa mahakama ndiye anayemlilia kijana, atasema mahakama nzima imerogwa, uamuzi utafutwa. Mtoto atacheza lini? Mbinguni?"

Clotee akaja karibu, sauti ikashuka. "Au andika sauti kutoka nyuma. Hilo nalo si uongo sana. Nyuma ya jaji, mbele ya jaji, nani atapima?"

"Nitapima mimi."

"Utamuua yule mtoto kwa kiburi chako, Ouida Fairchild."

Neno hilo lilimkaa. Alipobaki peke yake alikaa kunakili kumbukumbu za Jumatano, akafika kwenye ule mstari akaondoa mikono kwenye mashine, akaosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu, akarudi. Akawaza goti, akawaza mama wa kijana. Akawaza pia watu aliowaandika waliokwenda jela kwa sababu neno lao lilikaa kama walivyolisema, bila yeye kuwahurumia herufi moja. Akaandika: *Karani wa kumbukumbu: Ee Bwana Yesu, na miguu hiyo.* Akauandika ukurasa mpaka mwisho, akatia sahihi.

Ijumaa asubuhi Brandt alirudi na karatasi mkononi, anang'aa. Watu walijaa tena, na Clotee naye, jaji asijue la kumfanya. Tramaine alikaa anatazama viatu.

"Mheshimiwa, naomba uamuzi ufutwe, shauri lisikilizwe upya kwa jaji mwingine." Akasoma mstari ule kwa sauti, neno kwa neno. Ukumbi ukamgeukia Ouida. Ouida akawa anaandika yale yanayosomwa, masikio yanamwaka moto. Kuuandika mstari ule mara ya pili kulikuwa kubaya zaidi.

Jaji alimtazama karani wake. Kisha akamgeukia wakili. "Umesoma mstari mmoja. Endelea, ukurasa haujaisha."

Macho ya Brandt yakashuka, yakasimama. "Unaofuata hauna uzito, Mheshimiwa."

"Nitaupima mimi."

Brandt akalegeza tai. "'Wakili Brandt: Mmh.'"

Kiti kimoja nyuma kikalia.

"Hiyo mmh," akauliza jaji, "ilikuwa ya kupinga?"

"Nilikuwa nasafisha koo."

"Karani?"

"Kusafisha koo huwa naandika 'anasafisha koo', Mheshimiwa," akasema Ouida, mikono bado inakwenda. "Wakili alisafisha mara nne, zote zimo. Hii ilikuwa mmh."

"Kama pumzi za watu zinafuta shauri," akasema jaji, "wakili, na yako nayo ifute hoja za upande wako?"

Brandt akatazama karatasi, akatazama saa ya ukutani, akaomba kuliondoa ombi lake. Uamuzi ukabaki pale pale. Tramaine aliinuka na miguu yake yote miwili, akapita mbele ya meza ya Ouida. "Asante, Bi Ouida."

"Usinisemeshe, mwanangu, naandika."

Lakini jaji hakuwa amemaliza. Alisema mahakama ilimtoa nje mtu asiye na kosa, na aliyekosa yumo humu, basi amwombe radhi hadharani, na iingie kwenye kumbukumbu. Na kwa kuwa karani mwingine hayupo, ataiandika mwenyewe.

Ouida akageuka nusu, vidole vikiwa juu ya mashine. "Clotee Raines, nakuomba radhi. Maneno yale yalikuwa yangu, na ulibebeshwa wewe."

Clotee akasimama, akakung'uta sketi.

"Sikusikia vizuri," akasema. "Rudia polepole, shoga, uandike vizuri. Na jina langu lina e mbili."